Mama alijua ana kansa siku alipopewa firigisi

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua za wasomaji, na naomba mnivumilie kama itakuwa ndefu maana hili jambo nimekaa nalo muda mrefu na sina pengine pa kulisemea.

Kila ikifika Oktoba magazeti yanaandika sana kuhusu kansa ya matiti, akinamama wahimizwe kujikagua, waende kupima mapema, na kwa kweli nawapongeza, hiyo kazi isiishie njiani kabisa. Hapa Tanzania ndo kansa ya pili kwa wanawake baada ya ile ya mlango wa kizazi na wengi wanafika hospitali ikiwa hatua ya tatu au ya nne. Ila nimesoma makala nyingi na sijaona anayeongelea kile kipindi baada ya majibu kutoka, pale ambapo mzazi wako ndo mgonjwa na nyie watoto hamjui mseme nini, mfiche nini, nani aamue nini. Sisi kwetu hapo ndo tulipoharibu, na mimi mtoto wa kwanza ndo niliharibu zaidi.

Mama yangu ni mkulima wa kahawa huko Mbinga. Mwaka 2023 alikuwa na miaka 61. Mwezi wa kwanza mwaka huo mdogo wangu wa kike alikwenda kumsalimia, akamkuta ana kipande cha kanga amekikunja mara nne amekipachika ndani ya sidiria upande wa kulia. Akamuuliza, mama akasema kuna kijipu kinamsumbua. Kijipu chenyewe alikuwa nacho tangu palizi ya mwaka uliopita, anachua na dawa ya kuchua ile ya kwenye kikopo, haumii, na kwa sababu haumii akaona si ugonjwa. Hilo nimekuja kulisikia kwa wamama wengi sana kliniki, kwamba uvimbe usiouma hauna neno, na madaktari wanasema mara nyingi huo usiouma ndo wa kuogopa.

Mdogo wangu alinipigia simu na hata yeye alishindwa kutaja neno, akasema "kaka, mama ana uvimbe huku juu," nikamuuliza juu wapi, kimya, nikamuuliza kichwani? akasema hapana, kifuani. Mimi ni fundi umeme, naishi Kimara, ni mtu mzima na watoto wangu watatu, na nilijisikia aibu kuuliza "ni ziwa?" kwa sababu ni ziwa la mama yangu. Aibu hiyo ilitupotezea kama wiki mbili nzima, kila mtu anamsubiri mwenzake ndo aongee na mama.

Hospitali ya kwanza mama aliingia tarehe 13 mwezi wa 2. Wakamgusa, wakasema wachukue kinyama wapime. Hapo ndo vikaanza vikao. Baba mdogo akasema kansa ikichomwa sindano inaamka, ikiingia upepo inasambaa mwili mzima, kuna mtu alimjua alichomwa baada ya miezi mitatu akafa. Kwenye grupu la WhatsApp la ukoo binamu yetu akaleta habari za majani ya mstafeli, mwingine akaleta tangawizi na kitunguu saumu. Mama yuko nyumbani anachambua maharage, hana simu ya WhatsApp, hajui kama watu 34 wanajadili ziwa lake.

Kinyama kilikuja kuchukuliwa mwezi wa tatu. Baadaye daktari mmoja alituelezea vizuri sana kuhusu hiyo hofu ya sindano, akasema anayechomwa sindano leo akafa baada ya miezi mitatu alikuwa tayari amechelewa alipokuja, sindano ndo imekutwa eneo la tukio tu ikapewa kesi. Bila kinyama hakuna anayeweza kujua ni kansa au si kansa, na kama ni kansa ni ya aina gani, inasikia dawa gani. Natamani hayo maneno tungeambiwa siku ya kwanza kabisa pale kwenye benchi.

Majibu yalitoka tarehe 28 mwezi wa 4. Nilikuwa nimesafiri kwenda kumpeleka mama. Daktari akafungua faili, akasoma kimoyomoyo, akainua macho akaniangalia mimi. "Kijana, wewe ndo mtoto mkubwa?" Nikasema ndiyo. Akamwambia mama, "Mama, subiri kidogo hapo nje." Mama akainuka, akachukua kikapu chake, akatoka. Mlango ulikuwa haufungi vizuri, nakumbuka uliachia uwazi kama wa vidole viwili na nilikuwa naona ncha ya kanga yake akiwa amekaa kwenye benchi. Daktari akaniambia ni kansa, imeshafika kwenye tezi za kwapa, mpelekeni Dar haraka. Dakika tano, nafikiri hazikufika. Hata sikuuliza swali.

Sitaki kumlaumu yule daktari kupita kiasi, nje kulikuwa na foleni mpaka kwenye ngazi na labda aliona anamlinda mama. Ila naomba madaktari wanaosoma hapa mnielewe, ugonjwa ulikuwa wa mama, faili lina jina la mama, aliyevuliwa blauzi na kuchomwa sindano ni mama, halafu majibu amepewa fundi umeme.

Nilipotoka mama aliniangalia usoni. "Wamesemaje mwanangu?" Nikasema, "Ni uvimbe tu mama, una maji maji, wanataka tuupeleke Dar kwenye vifaa vikubwa." Mama akasema haya, tukaenda kupanda gari.

Uongo huo ulikaa wiki tatu. Na si mimi peke yangu, tulikubaliana wote, kikao kilikaa kwa baba mdogo, tukaamua mama asiambiwe kwa sababu presha itapanda, atakata tamaa, atakufa kwa mawazo kabla ya ugonjwa wenyewe. Kwenye kikao hicho hicho tukaamua aende kukatwa ziwa haraka, baba mdogo alishapata mtu wa kumfanyia. Wanaume sita na mama mkubwa mmoja. Mama alikuwa nyumba ya pili anapika.

Sasa jamani, mzazi si mtoto. Siku moja walichinja kuku, na mjomba mwenyewe akamwekea mama firigisi kwenye sahani. Nyie mnajua firigisi ni ya nani. Kwetu mama hajawahi kula firigisi tangu aolewe, ilikuwa ya baba, baba alipofariki ikawa ya mjomba akija. Mama akaiangalia, hakusema kitu, akala. Jioni akamwita mjukuu wake wa kidato cha pili, akatoa ile kadi ya kliniki kwenye sanduku, akamwonyesha herufi mbili zimeandikwa kwa peni nyekundu, CA, akamwambia "mjukuu wangu angalia kwenye simu yako hii maana yake nini." Mtoto akaangalia. Hakujua kama ni siri, akamsomea bibi yake.

Usiku saa nne mama akanipigia. Nilitegemea kulia. Hakulia. Alisema, "Kumbe nina kansa, na mnajua wote mpaka mke wa mjomba wako." Nikaanza kujieleza, mama presha, mama tulikuwa tunatafuta namna. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, halafu akasema, "Mimi nimezika mume, nimezika watoto wawili, hiyo presha mnayoiogopa ni ya nani?" Akakata simu. Siku mbili hakupokea.

Ndugu Mhariri, nimeshachomwa na umeme mara mbili kazini na sijawahi kusikia kitu kama kile.

Na tuseme ukweli, tulimficha kwa ajili yetu. Sisi ndo tulikuwa tunaogopa kuliona lile neno likimwingia usoni, tukasingizia presha yake. Na gharama ya kuficha ilikuwa kubwa, kwa sababu zile wiki tatu mama hakuona haraka yoyote ya kuja Dar, uvimbe wa maji maji nani aukimbilie wakati kahawa inakaribia kuiva? Alikuwa ananiambia "tutakuja baada ya mavuno." Ningemwambia ukweli angekuja kesho yake.

Nimekuja kusoma kwamba Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilianzisha mpango wa kansa ya matiti, na moja ya malengo ni kwamba tangu mgonjwa afike kituo cha afya mara ya kwanza mpaka ajulikane ana nini zisizidi siku 60. Nikafungua daftari langu nikahesabu. Sisi tangu tarehe 13 mwezi wa 2 mpaka majibu ni siku 74, na mwenye ugonjwa akaja kujua baada ya siku 95. Hizo 21 za mwisho hazikuwa za maabara wala za foleni, zilikuwa zetu sisi watoto.

Dar tulikuja mwisho wa mwezi wa tano, basi la alfajiri kutoka Songea, tunapita Njombe, Iringa, Mikumi, mama njiani hakuongea na mimi zaidi ya kuomba maji. Kwenye hospitali ya Dar tulikutana na daktari wa kike, mdogo tu kiumri, na naomba niielezee hiyo siku kwa kirefu kwa sababu ndo siku niliyojifunza.

Tulipoingia nikakaa kiti cha karibu na meza kama nilivyozoea. Yule daktari akasema, "Kaka, naomba mama akae hapo." Tukabadilishana. Akamsalimia, "Shikamoo mama," akamuuliza kahawa mwaka huu ikoje, kisha akamuuliza, "Mama, mpaka sasa umeambiwa nini kuhusu huu ugonjwa wako?" Mama akanigeukia, akaniangalia, akamjibu, "Sijaambiwa. Nimejiambia mwenyewe." Daktari akauliza tena, "Ungependa tuongee wewe na mimi, au na kijana awepo, au niongee naye yeye tu?" Mama akasema, "Awepo, ila uongee na mimi."

Akachukua karatasi akaigeuza nyuma akachora ziwa, akachora uvimbe, akachora zile tezi za kwapani kama punje za maharage. Akamwambia mama hii yako ni hatua ya tatu, haijaenda kwenye mapafu wala ini kwa vipimo tulivyonavyo, na tunatibu kwa lengo la kuponya. Akasema dawa za dripu zitaanza kwanza kuupunguza uvimbe, kisha upasuaji, kisha mionzi, kisha vidonge. Mimi nikadakia, kwani nilikuwa na maagizo ya kikao, nikasema kwa nini msikate kwanza, si ndo unachelewesha? Akanijibu kwa upole kwamba uvimbe mkubwa ulioshika na tezi ukianza na dawa unasinyaa, upasuaji unakuwa msafi zaidi, na pia unaona kabisa kama hiyo dawa inafanya kazi au haifanyi, ukishalitoa ziwa huna tena cha kuangalia. Kumbe tulikaa kikao cha watu saba tukaamua kitu ambacho hatukijui hata kidogo.

Halafu akauliza, "Mama una swali?" Mimi nilijua atauliza kama atapona, au atalia kuhusu kukatwa ziwa, kwa sababu sisi kwenye kikao hofu yetu kubwa ilikuwa hiyo, kwamba mama atakataa kukatwa. Mama akanyoosha mkono wake wa kulia akaushika na wa kushoto hapa kwenye kiwiko, akauliza, "Huu mkono nitashikia jembe?"

Katika watu wote wa kikao, katika grupu lote la watu 34, hakuna hata mmoja aliyewaza mkono. Na lilikuwa swali la maana kuliko yote, kwa sababu wakitoa tezi za kwapa mkono wa upande ule unaweza kuvimba, maji ya mwili yanakosa njia, na ukishavimba ni wa kutunza maisha yote. Daktari akamweleza, akamwonyesha mazoezi ya kupanda ukuta kwa vidole taratibu kila siku baada ya upasuaji, akamwambia mkono huo asichomwe sindano wala asipimwe presha, avae glavu akichuma kahawa ili asikwaruzwe na vijiti, akipata kidonda au ukiwa mwekundu wa moto aje mbio, mizigo mizito ahamishie kushoto. Jembe atashika, ila taratibu na si siku ya kwanza. Mama akatikisa kichwa, akasema "basi anzeni."

Toka hapo nikanunua kaunta buku. Nawaambia wenzangu mnaouguza, nunueni kaunta buku siku ya kwanza. Mle ndani tunaandika tarehe, jina la dawa, alichosema daktari, na upande wa pili maswali ya mama kwa maneno yake mwenyewe. Ukiingia kwa daktari akili inahama, unatoka hukumbuki hata neno. Na majibu ya kinyama yapigeni picha, nakala muwe nazo, maana sisi tulipofika Dar walitaka majibu kamili, kile kinyama kinahifadhiwa kwenye nta na wakitaka kurudia kipimo lazima kifuatwe kule kilikobaki, tukapoteza siku nyingine kukifuatilia. Kuna kipimo cha kuangalia kama kansa inalishwa na homoni na kingine wanaita HER2, cha protini inayoikuza kansa, msiviruke hata mkiambiwa ni hela, kwa sababu dawa atakazotumia mgonjwa zinachaguliwa kwa hayo majibu. Ya mama ilikuwa ya homoni. Mdogo wetu mwingine ni mwalimu na mama yuko kwenye bima yake, hiyo ilitubeba, na pale bima ilipogoma kikundi chake cha vikoba kilimkopesha na wamama wa jumuiya wakachanga. Kwa wasio na bima nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mkaulize mapema, wengi hawajui hata kama ipo.

Dawa za dripu, ambazo watu wanaita kimo, zilikuwa nane, moja kila wiki tatu. Nne za kwanza kuna ile nyekundu kama juisi ya rosela. Sasa mlio na wagonjwa sikieni hili, ile dawa inatoka kwenye mkojo na rangi yake. Mama usiku wa siku ya kwanza alikojoa kitu chekundu akajua ni damu, akajua mwili unaharibika ndani, akanyamaza. Alificha mpaka kesho yake mchana, mke wangu akamkuta anamwaga ndoo za maji chooni ili tusione. Nesi tulipompigia akasema aa, hiyo ni kawaida, itaisha. Ni kawaida kwake. Kwa mama ulikuwa usiku mzima wa kujiaga peke yake, na nikawaza, na huyu naye anatuficha, amejifunza kwetu.

Tukakubaliana siku hiyo, mezani, mimi, mama na mke wangu, hakuna kufichana tena. Nikanunua kipimajoto. Wakati wa kimo joto likifika 38 usisubiri asubuhi, usimpe panado ukalala, fungua cheni za mlango uende hospitali usiku huo huo kwa sababu askari wa mwili wanakuwa wamepungua na homa ndogo inaweza kuua. Ilitutokea mara moja, siku ya kumi baada ya dripu ya tatu, saa nane usiku, tukaenda na bajaji, akalazwa siku nne akapona. Nywele alinyoa mwenyewe kabla hazijaanza kutoka, mke wangu alimshikia kioo. Majani ya mstafeli alikuwa anakunywa kwa siri alipewa na shangazi, akamwambia daktari mwenyewe, daktari hakumgombeza, akamwambia tu aache mpaka dawa ziishe kwa kuwa ini lina kazi nyingi na hawataki kitu wasichokijua kikae pamoja na dawa.

Baada ya dripu ya pili mama alitaka kuacha. Mwezi wa saba, kahawa imeiva, nyekundu mtini, na yeye yuko Kimara anatapika kwenye beseni. Akasema narudi nyumbani, nitamalizia dawa mwezi wa kumi. Hapa naomba niwe mkweli, kumheshimu mama kuamua ni rahisi kama anaamua unachotaka wewe. Nilitamani kumfungia ndani. Baba mdogo akanipigia, "Wewe ni mwanaume, mlazimishe." Nilikuwa na uwezo huo, yuko nyumbani kwangu, nauli ninayo mimi.

Badala yake tukarudi kwa yule daktari na kaunta buku, mama akauliza mwenyewe, "Nikisimama miezi mitatu kinatokea nini?" Akajibiwa bila kutishwa, kwamba uvimbe umeanza kusinyaa, dawa ikikatishwa katikati unaweza kuamka na ukiamka unaweza usisikie tena dawa ile ile. Akakaa kimya. Akaomba siku moja ya kufikiri. Kesho yake asubuhi akasema atabaki kwa sharti moja, kila jioni mdogo wangu ampigie amsomee idadi ya madebe yaliyochumwa na nani kachuma. Na ikawa hivo mpaka mwisho wa msimu, kila jioni saa moja, yuko kwenye mkeka na kichwa kipara, simu imewekwa spika, anasikiliza madebe, anakosoa, "Huyo hawezi kuchuma debe nne, kachanganya mbichi, rudini mkaangalie."

Upasuaji ulifanyika mwezi wa 12. Ziwa lilitolewa lote na tezi. Alirudi nyumbani na mpira unaotoa maji, una chupa pembeni, na inabidi kila siku umwage na uandike kiasi. Mke wangu alikuwa kazini asubuhi, hivyo ni mimi. Mara ya kwanza nilifumba macho nusu, mama akaniambia, "Angalia usije ukamwaga, hapo ulinyonya miaka miwili hukuona aibu." Mililita 120, nikaandika. Kesho 95. Siku zinavyokwenda zinapungua, na hadi leo nikifungua ukurasa ule naona namba zangu mwanzoni zinatetemeka.

Mionzi alipigiwa Ocean Road, pale kwenye taasisi ya saratani, mara 15 kwa wiki tatu, Jumatatu hadi Ijumaa. Pale mbele ni bahari. Mama hakuwahi kuona bahari, tukimaliza tulikuwa tunakaa upande wa pili wa barabara dakika kumi, anaangalia meli. Wiki ya kwanza nilimuuliza anawaza nini akasema anawaza haya maji yote na kwetu wanachota kisimani.

Sasa naomba niseme kwa wanaouguza wazazi. Msikae kikao mzazi akiwa jikoni. Mwiteni akae hapo hapo kwenye kikao, kiti cha mbele. Mulizeni kwanza anajua nini na anataka kujua kiasi gani. Nimekutana kliniki na mama mwingine, mtu mzima kuliko mama yangu, alimwambia daktari "mimi sitaki kujua, ongea na binti yangu," na hilo nalo ni jibu, daktari alimfuata binti. Lakini aliulizwa. Wapo wazee wa hivyo wengi tu, na wengine watataka kujua nusu leo na nusu mwezi ujao. Huwezi kujua wako ni yupi kwa kukisia ukiwa kwa baba mdogo.

Na watoto wa kiume wenzangu, taja hilo neno. Ziwa. Titi. Ukishindwa kulitaja kwenye simu hutaweza kuuliza limefikia wapi. Dada zangu wawili nao walishauriwa waende wakaangaliwe kwa sababu ya mama, mmoja amekwenda, mmoja bado anasema kesho, na humu gazetini namwambia nakusubiri.

Kwa madaktari nasema asanteni, wengi mnafanya kazi kwenye mazingira magumu, lakini dakika zile tano mlizonazo mpeni mwenye ugonjwa. Kiti cha karibu na meza ni chake.

Na kwako Mhariri, ombi langu, mkiandika tena Oktoba wekeni nusu ukurasa wa maswali ambayo mgonjwa anaweza kwenda nayo kwa daktari, kwa Kiswahili cha kawaida, watu wakate wabandike ukutani. Nitawapa kaunta buku letu mchague.

Mama yuko Mbinga. Tangu mwezi wa 4 mwaka 2024 anakunywa kidonge kimoja kila siku, ni vya miaka mitano, anakunywa wakati wa taarifa ya habari ili asisahau. Daftari alilichukua akaenda nalo, sasa anaandika mwenyewe, darasa la saba la zamani mwandiko mzuri kuliko wangu. Kliniki ni mwezi ujao na juzi alinipigia anisomee maswali yake nisije nikamwingilia kwa daktari. La kwanza, viungo vinauma asubuhi, je ni kidonge au ni uzee. La pili, mkono unavimba kidogo jioni akibeba kikapu, je abebe kichwani. La tatu akasema hilo sikusomei, hilo ni langu na daktari.

Mtoto wa kwanza,
Kimara, Dar es Salaam